Jibu la Opal Ratliff

Watu wa sinema walipoingia Hadley Fork, mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe mabondeni, walikuja na futi kamba, na futi kamba ile haikupumzika wiki tatu. Walipima kiti cha mashahidi. Walipima madirisha ya mahakama, ngazi, benchi, hata kopo alilokuwa akitemea tumbaku marehemu Jaji Hobart Combs, ambalo mjukuu wake alilitoa stoo likiwa limejaa misumari. Walitaka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa mwaka 1974, ile kesi ya Denver Ratliff iliposikilizwa, na ili wasikosee wakatafuta mtu aliyekuwemo. Aliyekuwemo, yu hai na akili zake timamu, alikuwa mmoja tu: Verna Tackett.

Verna alikuwa mwandishi wa hatimkato wa mahakama ile kwa miaka arobaini na moja. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya meza ya jaji na kimashine chake magotini, akipiga kila neno lililotoka kinywani mwa mtu. Kaunti nzima ilimpa sifa moja tu, nayo ilimtosha: Verna hakosi neno. Mchungaji wake alikuwa akitania kwamba Verna akiwa kanisani yeye huogopa hata kupiga chafya, asije akaandikwa.

Basi akapewa kiti cha kukunja chenye jina lake mgongoni, kahawa bila kikomo, na ruhusa ya kumkatiza yeyote atakayekosea. Loo, ruhusa aliyoitumia!

"We binti," alimwambia msichana aliyekuwa akiigiza kuwa yeye, Verna wa miaka ishirini na miwili, "hizo kucha za kuparulia bata mzinga? Ungeandika kesi gani na kucha hizo? Kata."

"Bi Verna, nimezitia rangi jana tu!"

"Na leo ndiyo arobaini yake."

Mwongozaji wa sinema, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aitwaye Judith Feld, alicheka mpaka akamwaga kahawa. Judith alikuwa mtu mwema, tena mchapakazi, ila alikuwa na dini yake, na dini hiyo ilikuwa kumbukumbu za mwenendo wa kesi. Kurasa mia sita na kumi na mbili, zote kazi ya vidole vya Verna. Pembeni mwa kila sentensi ya skripti yake palikuwa na namba ya ukurasa ilikotoka. Kwenye bango la sinema aliahidi kuandika maneno haya: Kila neno limetoka mahakamani.

"Wenzetu wanatunga," alikuwa akiwaambia waigizaji. "Wakili anagonga meza, shahidi anaungama huku analia, ukumbi unalipuka kwa makofi. Kesi gani hiyo? Mimi kwangu, kama hakikuandikwa, hakikutokea."

Kila aliposema hivyo, watu walimgeukia Verna wakitabasamu, naye akatabasamu. Kisha akainamia kahawa yake.

Kesi yenyewe kila mtu pale aliijua. Wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe, ofisi ya kampuni iliungua, na mlinzi aliyekuwa ndani akafa. Wakamkamata Denver Ratliff, kijana wa miaka ishirini na minne, kwa sababu alikuwa na domo refu kwenye mikutano ya chama cha wafanyakazi. Denver alisema usiku ule alikuwa kwa mama yake, amelala na homa. Mama yake, Opal, akapanda kizimbani akasema ndiyo, mwanangu alilala kwangu. Hapo mwendesha mashtaka akainuka, akamsogelea karibu, akamwuliza swali moja: anaweza kuapa mbele za Mungu kwamba kijana hakutoka nje ya nyumba ile usiku kucha? Na kwenye ukurasa wa mia nne na tatu, chini ya swali hilo, pameandikwa: Hakuna jibu.

Hakuna jibu! Magazeti yaliyashika maneno hayo. Mama ashindwa kumwapia mwanawe. Denver akafungwa, akakata rufaa, na majaji wa rufaa huko mbali, ambao hawakuwahi kumwona Opal hata siku moja, walisoma ukurasa huo wakaandika kwamba hata mzazi wake hakuthubutu kumtetea. Alikaa ndani miaka kumi na saba. Alitoka na kifua kibovu, hakumaliza miaka minne akafa. Opal alikuwa ameshatangulia. Watu wa Hadley Fork walimwita Opal Bubu mpaka siku ya kumzika, na wengine walikwenda mazikoni kwa umbea tu.

Sasa hilo ndilo lililokuwa moyo wa sinema ya Judith: mama anayempenda mwanawe lakini anamwogopa Mungu zaidi, anaulizwa, ananyamaza. Skripti nzima ilikuwa ikipanda kuelekea kimya hicho. Walikipangia siku nzima, Alhamisi.

Alhamisi hiyo, kabla kazi haijaanza, Verna alikuwa mezani pa chakula akijipakulia maharage na mkate wa mahindi, aliposikia mtu amesimama ubavuni pake bila kuchukua sahani. Mwanamke wa miaka sitini na ushei, koti la kijivu, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Verna Tackett."

"Ndiye. Karibu ule, mama, hapa hakuna mgeni."

"Mimi Nola. Wa Opal."

Kijiko kilimtoka Verna kikaanguka ndani ya sufuria. Nola Ratliff, dada yake Denver! Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka kumi na tisa, anapanda basi kwenda Dayton, Ohio, kufanya kazi kiwandani, kabla hata ya kesi kuanza. Hakurudi. Hakuja kumzika mama yake.

"Nimeendesha saa tano," Nola alisema. "Wamenipigia simu kwa heshima tu, wakidhani sitakuja. Nikasema nakuja. Nataka kumwona akinyamaza."

"Nola, mama…"

"Usinihurumie. Nimemchukia mama yangu miaka kumi na miwili ya uhai wake na thelathini na mitatu ya kifo chake, na nimechoka. Labda huyo mwigizaji atanionyesha alikuwa anawaza nini. Wewe ulikuwepo. Hebu niambie, alimtazama Denver, angalau? Au hata hilo alishindwa?"

Verna alifungua mdomo. Akasema wanaita, ngoja nikaangalie, akaondoka na sahani yake mkononi, maharage yakimwagika juu ya viatu.

Ukweli alikuwa anaujua. Alikuwa ameulalia na kuuamkia miaka arobaini na mitano.

Opal alijibu.

Alijibu kwa kichwa. Watu wa mabonde yale ndivyo walivyo: jambo dogo hulipigia domo kutwa, jambo zito huliitikia kwa kichwa. Wasichana wangapi wameposwa pale na kukubali kwa kushusha kidevu tu, na hakuna aliyewaambia semeni kwa sauti! Mwendesha mashtaka alipouliza lile swali lake, Opal alimtazama mwanawe, kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, mara tatu, kidevu kikigusa kola ya gauni. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi, mchana. Jaji alikuwa ameinamia kopo lake. Wakili wa utetezi, Estill Profitt, alikuwa akifunga makaratasi, maana tumbo lake lilijua wakati wa kula kuliko saa ya ukutani. Mwendesha mashtaka aliona. Aliona vizuri sana, mjanja yule, ndiyo sababu alisema upesi, "Sina swali jingine, mheshimiwa," akaketi.

Na Verna aliona. Ilikuwa wiki yake ya tatu kazini. Chuoni walimfundisha kwamba mwandishi wa mahakama hana macho, ana masikio na vidole, kisichosikika hakipigwi. Walimfundisha pia kwamba shahidi akijibu kwa kichwa, mwandishi anaweza kuinua mkono akamwomba jaji amwamuru ajibu kwa sauti. Mkono ulibaki magotini. Kumkatiza Jaji Combs, yeye, kitoto cha juzi, mbele ya mawakili wenye njaa? Ng'o. Vidole vikapiga: Hakuna jibu.

Angeweza kusahihisha kesho yake. Angeweza kusahihisha siku ile raia kumi na wawili wa jopo la kuamua hatia, wakiwa katika kukata shauri, waliporudi ukumbini wakaomba wasomewe tena maneno ya mama. Mmoja wao, mzee kinyozi, alisema yeye alidhani amemwona akiitikia. Jaji akawaambia mtafuata kilichoandikwa. Kisha akamgeukia Verna: soma. Na Verna akasimama na mkanda wa karatasi wa kimashine chake, akasoma kwa sauti yake nzuri ya kwaya, mbele ya Denver, mbele ya Opal: hakuna jibu.

Baada ya hapo ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Angesema, angefukuzwa. Miaka ikaenda, sifa ikaja, na sifa nayo ni mzigo. Nani atashusha jina zuri barabarani alipige teke? Aliwahi kukutana na Opal dukani, mara mbili. Opal hakumtukana. Alimtazama tu, akachukua unga wake akaenda. Jamani, heri angemtukana.

Ukumbini taa zilikuwa zimewaka, benchi zimejaa watu waliovaa nguo za mwaka 1974. Nola walimweka benchi ya tatu. Kwenye kiti cha shahidi alikaa Constance Doyle, mwigizaji mkongwe wa miaka hamsini na ushei, amevaa gauni la maua na viatu vya kuazima. Walijaribu mara moja. Swali likaulizwa. Constance akakaa kimya, midomo imebana, machozi yakimlenga. Watu wa kamera wakashusha pumzi. Judith alikuwa ameweka mkono kifuani.

Lakini Constance akatikisa mkono. "Hapana, naigiza ovyo. Bi Verna yuko wapi?"

"Nipo hapa, mama."

"Njoo, mwenzangu. Karatasi inasema hakuna jibu. Sawa. Lakini mimi uso ninao, shingo ninayo, mikono hii miwili siwezi kuikata nikaiweka chini. Karatasi haisemi lolote. Wewe ulikuwa umekaa hapo, hatua mbili. Alifanya nini?"

Tazama mambo. Miaka arobaini na mitano, mawakili, majaji, watu wa magazeti na maprofesa wa vyuo walikuwa wamemwuliza Verna kila swali isipokuwa hilo. Na jibu jepesi lilikuwa ulimini: alitazama sakafu. Maneno mawili tu, halafu kazi iendelee na jina lake libaki palepale lilipo. Akayainua macho, akamwona Nola benchi ya tatu, shingo ameinyoosha kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

"Aliitikia kwa kichwa," Verna alisema.

Judith akafikiri hakusikia vizuri. "Ati?"

"Nasema aliitikia. Mara tatu. Alimtazama mwanawe kwanza, ndipo akaitikia, hivi." Akaonyesha. "Nilimwona. Nikaandika hakuna jibu kwa sababu niliogopa kumkatiza jaji. Halafu nikaogopa kuachishwa kazi. Halafu nikazoea."

Bwana Prentiss, wakili wa kampuni ya sinema, mtu mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna atakayewashtaki, alikuja mbio na faili.

"Bi Verna, tusimame hapo kwanza. Chanzo cha habari hii?"

"Mimi."

"Kuna mwingine? Barua, shajara, chochote?"

"Wote wamekufa. Mimi tu."

Akafungua ukurasa wa mwisho wa kumbukumbu. "Na hapa, 'nathibitisha kuwa haya ni ya kweli na kamili', hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi mmoja kati yenu wawili amesema uongo."

"Yule wa mwaka sabini na nne," alisema Verna. "Andika hati ya kiapo hivyohivyo, nitatia sahihi. Na magazeti yakitaka, nitasema. Nimebakiza nini mimi? Kusifiwa na mchungaji?"

Judith alikuwa ameketi sakafuni na skripti yake, akiutazama ule ukurasa wa mia nne na tatu. Mtu mzima kabisa, lakini alionekana kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani ulikuwa wa somo jingine.

"Sinema yangu yote imesimama juu ya kimya hiki," alisema taratibu. "Bi Verna, nimeipima mpaka ile saa ya ukutani. Nimepima kila kitu."

"Najua, mwanangu. Ulifanya sawa. Aliyekupa kipimo kibovu ni mimi."

Ndipo Nola akainuka. Watu waliovaa nguo za zamani walisogeza magoti akapita, akaja mpaka mbele, akasimama karibu na Verna hadi koti lake likamgusa.

"Mara tatu?"

"Mara tatu, Nola. Kidevu mpaka kolani."

"Aliniambia," Nola alisema. Hakupaza sauti. "Mwaka sabini na nne huohuo, Krismasi. Alipanda basi peke yake mpaka Dayton, mama ambaye hajawahi kuvuka mto. Akaniambia, Nola mwanangu, mimi nilijibu. Naapa nilijibu. Na mimi nilikuwa na nakala niliyopewa na wakili. Nikamfungulia ukurasa. Nikamwambia soma, mama, soma hapa, karatasi haina sababu ya kudanganya, wewe unayo. Hakujua kusoma vizuri. Nikamsomea mimi. Halafu nikamfungulia mlango aende zake."

Verna alinyoosha mkono.

"Usinishike," Nola alisema. "Bado. Labda siku nyingine, sijui. Leo usinishike." Akamgeukia Judith. "Wewe bibie, mtapiga picha au hampigi?"

Judith alimtazama Bwana Prentiss. Prentiss alikuwa amevua miwani anaifuta, na haikuwa na uchafu wowote. Akakohoa. "Bango linasema kila neno limetoka mahakamani," alisema. "Hatuongezi neno. Nipe hati ya kiapo kabla ya jioni, mimi sina pingamizi."

Wakapanga upya. Constance akamwomba Verna amwonyeshe tena, akamwuliza haraka au polepole, macho wazi au yamefumba, na Verna akamwonyesha kila kitu, hatua kwa hatua, hata namna Opal alivyokuwa ameshika leso. Hakuna mtu aliyecheka, hakuna aliyeangalia saa, ingawa chakula cha mchana kilikuwa tayari na harufu ya nyama ya nguruwe ilikuwa imeshaingia ukumbini. Nola alikataa kurudi benchi ya tatu. Akawekewa kiti nyuma ya kamera, mkabala na kizimba.

Kimya kikaombwa. Kinasa sauti kikawashwa. Mwendesha mashtaka akasogea, akauliza swali lake kama lilivyoandikwa, neno kwa neno: "Unaweza kuapa mbele za Mungu kwamba hakutoka nje ya nyumba ile usiku kucha?"

Constance Doyle akamtazama kijana aliyekaa kiti cha mshtakiwa. Kisha akashusha kidevu. Akakiinua. Akakishusha tena.

"Nimekuona, mama," Nola akasema kwa sauti.

Fundi wa sauti akavua spika za masikioni, akamtazama Judith. Picha imeharibika. Judith akasema warudie. Wakarudia mara nne, na mara zote nne, kichwa kilipokwenda chini, Nola alisema vilevile, na katika ukumbi ule wote hakuna aliyepata moyo wa kumwambia anyamaze.